Mwalimu anataka kwenda Mafia hadi Kilwa kwa jahazi, likizo ya Juni

Swali: "Mimi ni mwalimu, naishi Dodoma. Tuko saba: mimi na mume wangu, watoto wawili wa miaka 9 na 13, dada yangu na mumewe, na mama mkwe ambaye hajawahi kupanda chombo chochote cha baharini. Likizo ya Juni tunataka kuanzia Mafia, tulale visiwani siku tano tukitazama matumbawe na papa potwe, tumalizie Kilwa. Kuna mtu ametupa bei nzuri ya jahazi lake. Ila nimesikia matumbawe yameshakufa. Safari inafaa? Na hiyo bei nitajuaje kama ni nzuri kweli?"

Mwalimu, shikamoo kwa mama mkwe kwanza, maana yeye ndiye atakayeamua mengi katika safari hii kuliko anavyodhani.

Safari inafaa, na kwa macho yangu hakuna njia nzuri zaidi ya visiwa katika pwani yetu yote ya kusini. Tatizo ni kwamba kwa mwezi wa sita mmeipanga kinyume. Mwishoni mwa Juni upepo wa kusi umeshakaza, unavuma kutoka kusini-mashariki, nanyi mnataka kuteremka kusini. Chombo cha tanga hakiwezi kuufuata upepo machoni. Kinapiga bisho: kinakwenda huku masaa, kinageuza, kinakwenda kule masaa. Kila mkigeuza, foromali nzima, ule mti mrefu unaoshika tanga, ivushwe upande wa pili wa mlingoti, mabaharia wakivuta kamba huku chombo kinayumba na mawimbi yakirusha maji ndani. Kutoka Utende, pale Mafia lango la hifadhi ya bahari lilipo, hadi Kilwa Kisiwani ni kama maili 60 za bahari, yaani zaidi kidogo ya kilomita 110. Kwa bisho, umbali huo unakaribia kuwa mara mbili.

Halafu kuna mkondo, ambao wageni wengi hawausikii mpaka wawe wameshalipa. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unapita mbele ya Tanzania ukielekea kaskazini mwaka mzima. Kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, ikivuma hupungua, kusi ikivuma huongezeka, na huko nje kwenye kina unaweza kuzidi maili tatu kwa saa. Karibu na visiwa ni mdogo zaidi, lakini haukosekani. Jahazi lililosheheni watu saba, mahema na mapipa ya maji likienda maili tano kwa saa siku njema, hesabu mwenyewe kinachobaki.

Kwa hiyo mpigie huyo mwenye jahazi, umuulize swali moja tu: mwezi wa sita tutashukaje hadi Kilwa? Akijibu "kwa mashine", ni mkweli, na bei yake lazima iwe na mafuta mengi ndani. Akijibu "kwa tanga, siku tano zinatosha", basi ama hajawahi kuifanya njia hiyo kwenye kusi, ama anajua vizuri kwamba mtakwama Jibondo, kisiwa cha jirani tu na Mafia, na mtarudi wenyewe bila kudai chochote.

Mnazo njia tatu.

Ya kwanza ni kuigeuza safari: mwanzie Kilwa, mmalizie Mafia. Hapo kusi inawasukuma kutoka ubavuni na nyuma, na mkondo unawabeba. Ndivyo vyombo vya pwani hii vilivyoishi karne nyingi, vikishuka na kaskazi na kupanda na kusi, na hakuna aliyeona haya kusubiri miezi. Hata hivyo upepo kuwa nyuma hauipunguzi bahari ukubwa. Juni na Julai ndiyo miezi ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa zile angalizo za upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, na angalizo kama hilo likitoka nahodha mwenye akili hang'oi nanga. Vijana watupu ningewapeleka. Mama mkwe singempeleka, na mtoto wa miaka tisa ningefikiri mara mbili.

Ya pili ni kubaki na Juni lakini kuacha kabisa wazo la Kilwa, mkae ndani ya Ghuba ya Chole, palepale Mafia. Watu huidharau njia hii kwa sababu haina "safari" ndani yake, na mimi nadhani wanakosea. Ghuba imezungushiwa visiwa na miamba, kusi ikinguruma nje ndani mnaweza kuogelea. Kisiwa cha Chole kuna kundi la popo wakubwa wa jamii ya Komoro, wale wala matunda, wananing'inia mitini mchana kutwa na kuondoka magharibi. Kisiwa cha Juani kuna magofu ya Kua, mji ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Bukini (Madagaska) mwanzoni mwa karne ya 19, na ng'ambo yake, upande wa bahari kuu, kuna fukwe wanakotagia kasa. Juni hadi Septemba ndio wakati mzuri wa kuona vitoto vya kasa vikitoka mchangani. Shirika la Sea Sense linafuatilia viota hivyo na huwajulisha wageni siku ya kiota kufunguliwa. Jibondo bado wanaunda vyombo ufukweni, na kwa mwanao wa miaka 13 kumwona fundi akipachika mbao kwa macho, bila mchoro, kunazidi kipindi kizima cha hisabati. Samahani mwalimu.

Lakini Juni hamtaona papa potwe, au mtahitaji bahati kubwa. Msimu wake upande wa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, ni kuanzia Oktoba hadi Machi. Watafiti waliowavisha vifaa vya sauti wamegundua kwamba wengi hawahami kabisa. Miezi mingine husogea nje na kushuka kwenye kina, ndiyo maana hatuwaoni. Wapo, ila hawapo kwa ajili yenu.

Ya tatu ndiyo ninayowashauri: hamishieni safari likizo ya Desemba. Kaskazi imeingia, mnateremka kusini upepo ukiwa mgongoni, maji ni ya moto, mnaona chini vizuri, na potwe wako Kilindoni. Bahari tulivu kuliko zote ni ile ya Oktoba na Novemba, matlai, upepo wa mashariki, ikivuma polepole, lakini najua shule zimefunguliwa. Mwanzoni mwa Desemba kaskazi huwa haijakaza bado, na kuna saa tanga litalegea mkae mnatazamana. Hapo mashine ndiyo itawatoa. Mvua za vuli nazo zinaweza kuwapiga kidogo. Epukeni kusogea hadi Januari kama mnaweza, maana hapo kaskazi hupata nguvu na bahari huchafuka upande wake. Na yeyote atakayewauzia safari hii Aprili au Mei kwa bei ya nusu, mkumbushe kimbunga Hidaya, kilichopita Mafia mwanzoni mwa Mei 2024.

Sasa tarehe. Msichague kwa kalenda ya shule peke yake. Tazameni na ile kalenda ya Kiislamu ya ukutani, ambayo inawaambia umri wa mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikizidi mita tatu. Katikati yao, karibu na tarehe 7 na 22 za mwezi mwandamo, ni maji mafu, hujaa kidogo na kupwa kidogo. Huku kwetu kuna jambo la kudumu linalorahisisha mipango: wakati wa bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka kama saa nne. Wakati wa maji mafu ni kinyume, hujaa kama saa nne. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini.

Hili si jambo la nadharia. Mkifika Songo Mnara, kisiwa chenye magofu jirani na Kilwa Kisiwani, saa nne asubuhi siku ya bamvua, chombo kitasimama mbali, na mama mkwe atatembea kwenye matope ya mikoko na viatu mkononi. Mkifika saa nne hiyohiyo siku ya maji mafu, mtashuka karibu kabisa. Vivyo hivyo kwenye mlango wa Kinasi, ambako maji mengi ya Ghuba ya Chole hutoka na kuingia. Maji yanapotoka hubeba uchafu wa ghuba na kumvuta mtu kwenda bahari kuu; hapo haogelei mtu. Maji yanapoingia huleta maji safi ya nje, na mwamba hufunguka mbele ya macho. Kwa familia yenye watoto nachagua maji mafu, kwa sababu hata yakienda vibaya mkondo ni mpole. Wapiga mbizi wenye uzoefu watakwambia bamvua ina samaki wengi zaidi mlangoni. Waache waende wao.

Njia yenyewe ningeipanga hivi. Siku ya kuwasili mkamwone potwe Kilindoni kwa boti ya pale, maana Kilindoni iko magharibi na safari yenu inaanzia mashariki; msimwambie nahodha azunguke kisiwa kwa ajili hiyo. Kisha usiku mbili ndani ya Ghuba ya Chole, mkizoea chombo, mkijua nani anatapika na nani haogopi. Mkiondoka, ondokeni alfajiri. Kutoka ghuba hadi kisiwa kidogo cha Okuza ni kama maili ishirini, na huo ndio mpito ulio wazi kuliko yote. Okuza hakuna duka, hakuna maji ya kunywa, mnaloweza kukuta ni dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, na wenye dago ndio wenyeji wenu: salamu kwanza, ruhusa ya kupiga hema baadaye. Kutoka hapo hadi Songo Songo ni mwendo mfupi zaidi, na katikati kuna miamba mingi ya kusimama na kuzama kidogo na miwani. Kisiwa cha Fanjove, chenye mnara wa taa wa enzi ya Wajerumani, kina hoteli yake. Hamwezi kujiwekea mahema pale bila makubaliano. Songo Songo kwenyewe kuna kijiji, misikiti, maduka, mtandao wa simu na visima vya gesi iliyogunduliwa 1974 na kuanza kwenda Dar es Salaam 2004 kwa ajili ya umeme. Waonyeshe watoto. Sehemu ya umeme unaowasha taa za nchi inatoka chini ya kisiwa ambacho hawajawahi kukisikia.

Mpito wa mwisho hadi Kilwa ni maili ishirini na kitu. Kilwa Kisiwani sihitaji kukueleza wewe: Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Ibn Battuta aliyefika 1331, UNESCO iliyopaorodhesha 1981. Kibali cha magofu hukatwa Kilwa Masoko, kwa hiyo mkitoka baharini nendeni kwanza Masoko, ndipo mvuke kisiwani. Ukijumlisha ni usiku tano njiani. Wekeni siku mbili za ziada ambazo hamjazipangia kitu. Kikundi chenye tiketi ya basi ya kesho asubuhi ndicho kinachomsukuma nahodha kutoka kwenye upepo asioutaka.

Kuhusu matumbawe kufa: umeambiwa nusu ya habari. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kali wakati wa El Niño, na matumbawe ya Bahari ya Hindi yalipauka na kufa kwa wingi, Mafia ikiwemo. Mwamba wa Tutia, kusini mwa kisiwa, uliumia vibaya. Joto limerudi tena tangu hapo, 2016, na tena 2024 mwaka ambao upaukaji ulitangazwa kuwa wa dunia nzima. Lakini matumbawe hayafi sawasawa. Yale ya matawi, yanayokua haraka, ndiyo hutangulia. Yale mazito ya mviringo hustahimili, na mengine yana umri wa karne. Ndani ya Ghuba ya Chole, ambako hifadhi ilianzishwa 1995 kama hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, kuna mwamba mtakaoogelea juu yake mkasahau kula, na mita mia mbili kutoka hapo kuna uwanja wa vifusi vilivyoota mwani. Mtaona vyote viwili. Maeneo yaliyopigwa baruti miaka ya nyuma utayatambua kwa mashimo ya mviringo yenye vipande vilivyovunjika. Joto haliachi alama kama ile.

Mnachoweza kufanya ninyi ni kidogo lakini si bure. Mwambieni nahodha tangu mwanzo kwamba nanga inashuka kwenye mchanga, hata kama mtaogelea mbali zaidi. Asiyejua kuelea asivae mapezi ya miguuni juu ya mwamba, kwa sababu akishtuka atasimama, na atasimama juu ya kitu kilichochukua miaka thelathini kukua. Badala ya kupaka mafuta ya kuzuia jua mwili mzima, watoto wavae fulana za mikono mirefu majini. Na Jibondo au Songo Songo mkiambiwa mwamba fulani umefungwa, msiulizie pweza wa huko kwa bei ya juu. Wanavijiji hufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili wakue, na mgeni mwenye hela ndiye huwajaribu zaidi.

Sasa ile bei. Siwezi kukutajia kiasi, lakini naweza kukwambia ndani yake muwe na nini. Kwanza, safari ya chombo kurudi. Mnakwenda upande mmoja, chombo ni cha Mafia, na kitarudi kitupu dhidi ya upepo uleule uliowaleta. Mafuta hayo na siku hizo za mabaharia mtalipa ninyi, iwe imeandikwa au imefichwa. Ambaye bei yake ni ndogo mno mara nyingi hajaihesabu, na ataihesabu mkiwa Okuza. Pili, ada za hifadhi, ambazo Mtanzania hulipa kidogo sana kuliko mgeni. Zilipeni wenyewe kwa namba ya malipo ya serikali (kontroli namba), mbaki na risiti. Tatu, chakula na maji. Maji ya kunywa na kupikia muweke angalau lita tano kwa mtu kwa siku, na mabaharia nao ni watu. Nne, posho ya siku ambayo upepo utawazuia. Hiyo ndiyo huleta ugomvi, kwa hiyo iandikwe.

Halafu nendeni mkakione chombo kabla ya kutoa hata senti. Ulizeni cheti cha ukaguzi cha TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na idadi ya abiria iliyoandikwa humo. Panda, inama, tazama ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo: maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao, lakini ukikuta baharia anakumba maji chombo kikiwa kimefungwa bandarini, shukuru uondoke. Kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, iwe ya mwaka huu. Jaketi okozi zihesabiwe, na za watoto ziwe za watoto. Jaketi ya mtu mzima humtoka mtoto kichwani akianguka majini. Mashine iwashwe mbele yako, si kuelezwa. Kuwe na redio ya VHF, maana baada ya kuiacha Mafia, hadi mfike Songo Songo, simu zenu zitabaki za kupigia picha. Mimi huangalia pia jambo moja ambalo haliandikwi popote: nahodha anapoulizwa kuhusu siku mbaya, ananyamaza kidogo kabla ya kujibu au anacheka. Anayecheka simpi familia yangu.

Choo, kwa kuwa hukuuliza lakini utataka kujua: kwenye mashua nyingi ni kiboksi kilichoning'inizwa nyuma, au ndoo nyuma ya turubai. Wanawake wakubaliane na nahodha mapema kuhusu pazia na saa za kusimama visiwani. Ni jambo la dakika mbili likisemwa bandarini.

Watoto watazoea kuliko ninyi wakubwa. Jaketi ivaliwe muda wote chombo kinapokwenda, hata usingizini. Majini waburute miguu wanapotembea kwenye mchanga, taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, wakisikia mtetemo huondoka wenyewe. Akikanyagwa, mwiba wake haumchagui mtoto. Vyandarua viwemo kwenye mahema.

Na mama mkwe. Kichefuchefu cha bahari hakijali heshima, na vidonge vya cinnarizine vinasaidia vikimezwa kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika. Huleta usingizi, na kama anatumia dawa za presha amuulize daktari wake kwanza. Lakini ningempangia safari yake mwenyewe. Akae nanyi zile usiku mbili za Ghuba ya Chole, ambako maji yametulia. Asubuhi mnayong'oa nanga kwenda Okuza, yeye na shemeji yako wapande kivuko cha MV Kilindoni hadi Nyamisati, watoke na gari hadi Bungu kwenye barabara kuu, kisha basi la kusini hadi Nangurukuru na kuingia Kilwa Masoko. Watafika kabla yenu kwa siku mbili au tatu. Wapeni fedha ya nyumba ya wageni ya siku tano, ili mkichelewa kwa upepo asianze kupiga simu polisi.